Vifaa vya mbio ndefu: Tarime inunue kazi, isinunue chapa

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia mahindi, ndizi, ng'ombe wa mnadani na mizigo inayovuka Sirari. Wiki hii tunaomba msomaji atuvumilie tuitazame bidhaa ambayo wafanyabiashara wengi wa Tarime na Mugumu bado hawajaihesabu kuwa bidhaa. Nayo ni vifaa vya mkimbiaji wa masafa marefu ya porini na milimani, yule ambaye kilomita 42 za marathoni kwake ni sehemu tu ya safari. Wenyewe huziita ultramarathoni. Nyingine ni za kilomita 50, nyingine 100, na nyingine humchukua mtu usiku kucha na mchana wake.

Mkoa wa Mara si mgeni katika riadha. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, aliileta nyumbani medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Huku Serengeti nako, tangu mwaka 2018 kumekuwako mbio za wanawake watupu, Serengeti Girls Run, zinazokimbiwa kwa siku 3 mfululizo katika eneo la Grumeti ili kuchangia elimu na maendeleo ya wasichana. Miguu ipo, milima ipo na pori lipo. Kinachowakwamisha vijana wengi ni karatasi moja wanayokabidhiwa kabla ya kujiandikisha, yaani orodha ya vifaa vya lazima.

Kijana akiisoma orodha hiyo, kisha akaulizia bei za chapa kubwa za Ulaya na Marekani, hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama huikunja karatasi na kurudi shamba, ama huenda kukimbia na vifaa pungufu akitumaini kwamba hakuna atakayemkagua. Wa kwanza amepoteza nafasi. Wa pili anaweza kupoteza maisha. Mfanyabiashara wa hapa naye amepoteza mteja ambaye hakujua hata kwamba amepita mlangoni pake.

Maoni yetu ni haya: kila kifaa kinunuliwe kwa kazi yake, si kwa jina lililoandikwa ubavuni. Ukipima kwa kazi, sehemu kubwa ya orodha hiyo inapatikana Tarime leo. Vitu viwili tu, soli ya kiatu na koti la mvua, havistahili kufanyiwa ubahili.

KWA NINI ORODHA IKAWEPO

Tuanze kwa kuwatendea haki waandaaji. Wapo wanaodhani orodha ni njia ya kuwafungia mlango maskini. La hasha. Tarehe 22 Mei 2021, katika jimbo la Gansu nchini China, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 za Huanghe Shilin. Asubuhi wengi walikuwa wamevaa kaptura na fulana. Walipofika milimani wakakutwa na upepo mkali, mvua na barafu. Koti la kukinga upepo lilikuwa limependekezwa tu, halikulazimishwa. Watu 21 walikufa kwa baridi, akiwemo Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji bora wa masafa hayo nchini mwake. Baadhi ya walionusurika waliokolewa na mchungaji wa kondoo aliyewaingiza pangoni na kuwawashia moto.

Msomaji wa Tarime atasema huku hakuna barafu. Ni kweli, lakini mvua ya mawe tunaijua. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na vilima vinavyouzunguka vimekwenda juu zaidi. Mtu aliyelowa, aliyechoka, mwenye njaa, akapigwa na upepo saa nane za usiku, hahitaji barafu ili atetemeke mpaka akili imruke. Baridi ya namna hiyo huua hata pale ambapo mtu mkavu aliyeshiba angejifunga shuka tu na kuendelea na mazungumzo. Na anayetoka hapa kwenda kushindana Kilimanjaro, mlima wenye mita 5,895, huondoka kwenye joto la migomba na kukuta maji yanaganda. Simon Mtuy wa Marangu, aliyeupanda na kuushuka mlima huo kwa saa 8 na dakika 27 mwaka 2004, ni mtu aliyekulia chini yake na kuujua tabia zake.

Kwa hiyo orodha ina maana. Tunachokipinga ni kuisoma kana kwamba ni katalogi ya duka la Ulaya.

Mfano mzuri ni mbio za UTMB, zinazouzunguka mlima Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi tangu mwaka 2003, umbali wa takriban kilomita 170. Orodha yake hudai simu, taa za kichwani pamoja na akiba ya betri, chombo cha kubebea walau lita 1 ya maji, blanketi la dharura, filimbi, bandeji ya kuvutika, chakula cha akiba na koti lisilopenya maji lenye kofia. Soma tena. Inataja taa, filimbi na koti. Hakuna mahali inaposema taa ya kampuni fulani. Jina la kampuni tumeliongeza sisi wenyewe kwa kutazama picha.

KIATU

Hapa ndipo fedha nyingi ziende. Ikiwa mkimbiaji ana kiasi cha kutosha kununua vitu vyote kwa ubora wa wastani, sisi tungemshauri karibu nusu yake iishie miguuni.

Lakini nusu hiyo isiende kwenye sifa. Septemba 2023 Tigist Assefa wa Ethiopia aliweka rekodi ya dunia ya wanawake mjini Berlin kwa saa 2:11:53, akiwa na kiatu cha Adidas chenye gramu 138 kilichouzwa dola 500. Kiatu kile kilitengenezwa kwa ajili ya lami na kwa mashindano machache mno. Kipeleke kwenye mawe ya njia za Nyamwaga uone kama kitarudi kizima. Wepesi ni kitu kizuri, na wataalamu wamepima kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu humgharimu mkimbiaji takriban asilimia 1 ya nguvu zaidi. Hata hivyo, aliyetoboka unyayo kwa jiwe kwenye kilomita ya 30 wepesi haumsaidii.

Sokoni kwetu viatu vingi vya michezo vyenye ubora ni vya mtumba, vinavyofika ama kwa njia ya Mwanza ama kwa kuvuka mpaka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye mtumba methali hii haitoshi, kwa sababu kibaya huoshwa, hupakwa rangi na kung'aa kuliko kizuri. Mnunuzi afanye ukaguzi ufuatao kabla ya kuuliza bei.

Kwanza, akiweke kiatu juu ya meza iliyo sawa na kukitazama kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kimeshachukua mwendo wa mwenyewe wa zamani, nacho kitamsumbua goti mwenyewe mpya. Pili, abonyeze kwa kidole gumba ule unene mweupe ulio kati ya soli na kiatu. Ukiwa mgumu kama ubao, au una mikunjo mingi ya kulala, umeshakufa. Viatu vya kukimbilia kwa kawaida huchoka kati ya kilomita 500 na 800, na vingi huletwa mnadani vikiwa vimekaribia hapo. Tatu, akipinde. Kipindike penye vidole, si katikati. Nne, aangalie meno ya soli. Kiatu cha porini kina meno marefu yaliyoachana ili udongo wa mbugani, ule mweusi unaonata, uweze kudondoka. Tano, apitishe ukucha kwenye maungio ya gundi, kwa sababu jua la mnadani huikausha.

Kuhusu saizi, anunue jioni wakati mguu umevimba kidogo, akiwa amevaa soksi zile zile za kukimbilia, na aache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kwenye mteremko mguu husogea mbele, na anayebanwa hupoteza kucha. Soksi zenyewe ziwe mpya na zisiwe za pamba tupu, maana pamba hushika jasho na jasho huleta malengelenge. Njumu za mpira wa miguu zisitumike kabisa, kwani kwenye mawe zinateleza.

Je, katambuga? Swali hili huulizwa kwa mzaha, lakini lina jibu. Mwaka 1993 Victoriano Churro, mkulima wa kabila la Warámuri wa Mexico, mwenye umri wa miaka 55, alishinda mbio za maili 100 za Leadville nchini Marekani akiwa na kandambili za kufunga zenye soli ya tairi. Lakini asije mtu akazinunua kesho na kukimbia keshokutwa. Churro alikuwa amezitembelea maisha yake yote. Funzo lake ni kwamba mguu ukimbie na kile ulichokizoea. Kifaa chochote, cha bei kubwa au ndogo, kisivaliwe mara ya kwanza siku ya mashindano.

KOTI

Hiki ni kitu cha pili ambacho hatukipunguzii. Waandaaji wengi hupima kitambaa kwa kimo cha maji kinachoweza kukizuia, na kipimo kinachotajwa sana ni milimita 10,000, sawa na mita 10. Mtumbani hakuna chombo cha kupimia, lakini kuna macho. Geuza koti ndani nje. Ukiona mishono imefunikwa kwa utepe uliogandishwa, hilo lilitengenezwa kwa ajili ya mvua. Utepe ukiwa umebanduka, au kitambaa kinapukutika unga mweupe kwa ndani, limeisha. Mimina maji kwenye bega, subiri dakika kadhaa, kisha bonyeza kwa nyuma kwa kiganja. Kiganja kikilowa, mrudishie mwenyewe. Liwe na kofia, na lijikunje mpaka lienee mkononi, kwa sababu koti lisilobebeka huachwa nyumbani.

Mavazi mengine ni rahisi, ila kwa anayekimbia upande wa Ikoma na Grumeti kuna jambo la rangi. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Fulana ya bluu iliyokolea, hata kama ni ya klabu, itamletea wageni asiowataka. Rangi ya udongo au kijivu hafifu inafaa zaidi.

TAA, MAJI NA CHUMVI

Kuhusu taa ya kichwani, Tarime imebahatika kuliko wilaya nyingi. Wachimbaji wadogo wanazitumia kila siku, na muuza vifaa wa Nyamongo anaijua taa kuliko muuza vifaa vya michezo wa Dar es Salaam. Mkimbiaji achague ile yenye betri nyepesi ya kuchaji, aepuke zile zenye betri nzito ya kufunga kiunoni. Akishainunua aiwashe nyumbani jioni na kuiacha mpaka asubuhi. Ikizimika saa saba usiku, amejua mapema. Abebe ya pili ndogo, kwa kuwa taa ikiharibika hawezi hata kuona pa kubadilishia betri.

Filimbi ni ile ya mwamuzi. Simu iwe na chaji ya kutosha, na kama waandaaji wanataka simu kubwa kwa ajili ya ramani, kitochi cha vibonye kibebwe kama akiba, kwa maana betri yake hukaa siku kadhaa.

Maji hayahitaji mfuko wa bei mbaya. Chupa mbili za nusu lita zinatosha lita 1 iliyotakiwa. Kazi iliyobaki ni ya fundi cherehani: kizibao chepesi cha kitambaa cha wavu, chenye mifuko miwili kifuani na mmoja mgongoni, mikanda iliyotolewa kwenye begi kuukuu la shule, na mshono uliolazwa ili usichubue. Maji yakikaa kifuani na kubanwa vizuri hayachezi. Fundi atakayeshona kizibao kimoja kizuri atapata oda ya kumi.

Chumvi ipo duka la dawa. Pakiti 1 ya ORS huchanganywa na lita 1 ya maji safi. Tunalisisitiza hili kwa sababu wengi hudhani hatari ni kiu peke yake. Mwaka 2002, katika marathoni ya Boston, watafiti waliwapima wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio na kukuta asilimia 13 chumvi ya damuni imeshuka kupita kiasi, hasa kwa kunywa mno. Mtu anywe kwa kiu, na ale. Ndizi mbivu, viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga na kashata vimewavusha watu safari ndefu kabla ya vyakula vya pakiti kubuniwa. Mwisho, kopo dogo la mafuta ya mgando kwa ajili ya mapaja na kwapa. Asiyejua umuhimu wake atauliza baada ya kilomita 40.

UPANDE WA MFANYABIASHARA

Tukirudi kwenye biashara, vitu vyote hivi vimetawanyika. Taa iko kwa muuza vifaa vya migodini, koti liko mnadani, ORS duka la dawa, filimbi kwa muuza jezi, kizibao kwa fundi. Mkimbiaji hupoteza siku mbili akivikusanya, na akikosa kimoja hukata tamaa. Mwenye duka mmoja akivikusanya pamoja, akavipanga kwa jina la kazi yake, atakuwa amefungua biashara mpya bila kuagiza hata kontena.

Tena si lazima vyote viuzwe. Koti zuri na taa nzuri ni vitu vya kutumika mara chache kwa mwaka. Vikodishwe kwa dhamana, kama viti na maturubai ya harusi yanavyokodishwa. Mkimbiaji hulipa sehemu ndogo ya bei, na mwenye duka hukitoa kifaa kile kile tena na tena.

Mfanyabiashara ajue pia mambo mawili kuhusu mpaka. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zina utaratibu mwepesi wa forodha kwa kutumia cheti kilichorahisishwa cha uasili. Raba mpya iliyotengenezwa Kenya inaweza kunufaika na utaratibu huo. Kiatu cha mtumba hakimo, kwa sababu uasili wake ni wa ng'ambo hata kama kimenunuliwa Gikomba. Anayedhani kwamba kuvuka Sirari kumegeuza asili ya belo atalipia somo hilo pale pale forodhani.

La pili ni kwamba mtumba si chemchemi ya milele. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya zilikubaliana kuupunguza hadi kuuondoa ifikapo 2019, na ushuru ukapandishwa hadi asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo. Baadaye Marekani ilitishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya soko la AGOA, na kufikia 2018 nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, zikawa zimerudi nyuma, ilhali Rwanda ilishikilia msimamo wake na kuadhibiwa. Anayejenga biashara juu ya mtumba peke yake ajue kwamba upepo huo unaweza kuvuma tena. Fundi wa vizibao na fundi viatu wa hapa hapa ni bima nzuri.

UPANDE WA WAANDAAJI

Kwa wanaoandaa mbio mkoani Mara, na wale wanaofikiria kuanzisha, tuna ombi la mambo matatu. Orodha iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ikitaja kazi na kipimo cha kila kifaa, bila picha za chapa. Itolewe miezi 3 kabla, ili mkimbiaji anunue kidogo kidogo na kuvizoea vifaa vyake. Na ukaguzi ufanyike siku moja kabla ya mbio, kukiwa na meza ya vifaa vya kuazima kwa aliyepungukiwa.

Wapo watakaosema ukaguzi wa namna hiyo ni kulegeza masharti. Sisi tunaona ni kuyakaza. Mtu mwenye koti la chapa kubwa lililobanduka utepe amepita kwa jina tu, ilhali mwenye koti la mtumba lililomwagiwa maji mbele ya mkaguzi likazuia, amepita kwa haki. Koti likishindwa mtihani, mwenyewe asianze, hata kama ndiye bingwa anayetarajiwa na ametoka mbali. Waandaaji wasione haya juu ya hilo.

Mkimbiaji wa Tarime haombi kupunguziwa milima. Anachohitaji ni kujua taa iwake kwa muda gani, koti lizuie maji kiasi gani, na chupa zibebe lita ngapi. Akishaambiwa hayo, sokoni anakujua. Kazi iliyobaki ni ya wenye maduka, wahakikishe kwamba akifika anavikuta.